Glock 19 au Ceska P-07: bastola gani utakaa nayo kiunoni miaka na miaka

Ukishapata kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha na ukaingia duka la silaha, kuna bastola mbili utawekewa mezani kabla hujakaa vizuri: Glock 19 na Ceska. Zipo nyingine, lakini sisi raia wa Kenya tulio na leseni wengi wetu huishia kwenye hizo mbili. Basi mtu hunipigia simu akiwa amesimama pale pale dukani: "Shangazi, nichukue ipi?" Kwa simu simjibu. Jibu linategemea mkono wake, nguo zake, nyumba yake na jinsi siku yake inavyokwenda, na hayo muuzaji hayajui wala hana haja nayo.

Mimi nauza nafaka kwa jumla Kongowea, Mombasa. Soko lile huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na ingawa M-Pesa imetupunguzia noti, wapo wenye malori ya maharagwe ambao bado wanataka pesa mkononi. Nabeba Glock 19. Kakangu, ambaye malori yake yanakwenda Taveta na kurudi, anabeba Ceska P-07. Tulianza karibu wakati mmoja, mazoezi twafanya pamoja, na kila tukikutana twabishana. Kwa hiyo nina upande, sikatai, ila upande wa pili nimekula nao sahani moja miaka mingi.

Kwanza isome karatasi yako. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutaja silaha yenyewe, nambari yake, na kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Mmarekani akichoka na bastola yake, katika majimbo mengi anakwenda dukani Jumamosi ananunua nyingine, ile ya kwanza anaifungia kabatini. Wewe ukichoka unaanza upya safari ya ofisini. Na leseni si ya kupewa mara moja ukasahau. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye silaha akaguliwe upya, tukaenda sote, mwenye bastola ya juzi na mwenye ya miaka ishirini. Ndiyo maana nasema usichague bastola uliyoipenda siku ulipoifyatua renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha. Chagua ile ambayo mwaka wa saba, Jumanne ya Februari yenye joto la Mombasa, bado utaivaa asubuhi bila kujitafutia sababu ya kuiacha nyumbani.

Neno dogo kuhusu Ceska. Hapa kwetu bastola yoyote ya kiwanda cha CZ cha Jamhuri ya Czech huitwa Ceska, hata kwenye magazeti. Lakini CZ 75 ya chuma kitupu ina kilo moja kabla hujaitia risasi, P-07 ina mwili wa plastiki ngumu, na P-10 C haina nyundo ya nje kabisa, yaani kile kichuma cha nyuma kinachoipiga sindano, inafanya kazi kwa mtindo wa Glock. Soma maandishi yaliyochorwa kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, ujue unashikishwa nini. Hapa nasema P-07.

Maharagwe kiunoni

Glock 19 ikiwa na magazini tupu, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ina takriban gramu 670. P-07 inafika 780 hivi. Zote zinabeba risasi 15 za milimita 9, na risasi hizo peke yake ni karibu gramu 180. Ukizijaza, Glock inakaribia gramu 850 na Ceska inaikaribia kilo. Mtutu wa Glock una milimita 102, wa Ceska 95, lakini kwa urefu wa jumla zinakaribiana. Kwa unene Ceska imezidi kidogo.

Gramu mia moja dukani si kitu. Saa kumi za jioni ni kitu. Kabla hujalipa, pima gramu 900 za maharagwe, yatie kwenye soksi nene, uifunge, na uichomeke ndani ya suruali kwa mshipi unaouvaa kila siku. Kaa nayo tangu asubuhi hadi isha, wiki nzima. Panda tuktuk, shuka. Inama uchote mchele. Kaa chini mkekani ule. Mwanamume afunge mlango, arukuu na asujudu, na mkewe amtazame kwa nyuma aone shati linapanda hadi wapi, kwa sababu silaha ya raia ni ya kufichwa, na inayoonekana msikitini itazungumzwa mtaa mzima kabla ya dhuhuri. Ikiwa mshipi umejikunja siku ya pili, tatizo si bastola, ni mshipi. Nunua mwingine mgumu kisha urudie.

Wengi wanaofanya jaribio hili hugundua kuwa mahali pa kuvaa panawasumbua kuliko uzito. Mbele ya tumbo kuna wepesi wa kuchomoa, lakini mwenye kitambi akikaa kwenye tuktuk mtutu unamchoma paja. Nyuma ya nyonga ya kulia panastahimilika zaidi kwa anayekaa sana garini, ila ukiinama mpini unatokeza. Jaribu kote kwa maharagwe, ni rahisi kuliko kwa silaha.

Na mkoba, dada zangu? Hapana. Najua buibui halina mshipi, najua mkoba upo tayari. Lakini mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi wa bodaboda anachokikwapua, na ukienda na bastola ndani utakuwa na maelezo marefu kituoni. Mkoba pia huachwa kwenye kiti, hushikwa na mtoto anayetafuta peremende. Mimi huvaa suruali yenye mshipi ndani, na abaya ya kufunguka mbele juu yake. Kuna pia mikanda mipana ya tumboni yenye mfuko wa bastola. Inafaa, mradi mfuko wenyewe uwe na gamba gumu linaloifunika triga yote, yaani kile kifyatulio cha kuvutwa kwa kidole. Kitambaa kitupu hakitoshi.

Kidole cha shahada

Sasa shika bastola zenyewe. Mwambie muuzaji atoe magazini, avute slaidi, akuonyeshe chemba, kile chumba cha mwanzo wa mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Kisha fanya wewe mwenyewe yale yale, tazama kwa macho na uguse kwa kidole, hata kama amekwisha kukuonyesha. Elekeza ukutani ambako hakuna mtu. Shika mpini juu kabisa, mtutu uwe umenyooka na mfupa wa mkono wako. Hapo tazama kidole cha shahada kinaiangukia triga wapi.

Hapa ndipo bastola hizi mbili zinapoachana njia. Glock haina nyundo ya nje. Sindano yake, ile inayoigonga risasi, imejificha ndani, na kila unapovuta triga ni mvuto ule ule, wa kilo mbili na nusu hivi, kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Ceska ina nyundo inayoonekana nyuma. Nyundo ikiwa chini, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, karibu mara mbili ya ule wa Glock, kwa sababu kidole chako ndicho kinachoinyanyua nyundo. Risasi ikishatoka, slaidi yenyewe inaisukuma nyundo nyuma, na mvuto wa pili unakuwa mfupi na mwepesi. Yaani umenunua triga mbili kwa bei ya moja, na zote mbili lazima uzijue. Mgeni wa Ceska risasi yake ya kwanza huangukia chini ya shabaha kwa kukamua mkono, na ya pili humtoka kabla hajawa tayari.

Mkono wangu ni mdogo. Nyundo ya Ceska ikiwa chini, ncha ya kidole changu inaigusa triga kwa shida, mpaka niizungushe bastola kiganjani, na nikiizungusha mtutu unaacha mstari. Bastola zote mbili huja na vipande vya kubadilisha mgongo wa mpini, nikaweka kile kidogo kuliko vyote, bado. Kwenye Glock kidole kinafika na nafasi inabaki. Kakangu ana viganja kama makasia, kwake mambo ni kinyume: anasema mpini wa Ceska unajaa mkono, wa Glock unamtoboa kwa zile pembe zake. Anasema kweli. Nimemwona akilenga kwa zote mbili.

Usimwachie mwanamume yeyote akuamulie jambo hili kwa mkono wake. Na wewe mwanamume mwenye vidole vifupi usione haya. Ikiwa ncha ya kidole haifiki vizuri kwenye mvuto wa kwanza, iache Ceska, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kuna kitu kingine cha mkononi ambacho wauzaji hawakisemi. Slaidi ya Ceska inateleza ndani ya reli za mwili, kwa hiyo sehemu ya kushika ni nyembamba. Mwenye mikono yenye jasho au yabisi ya vidole huona taabu kuivuta. Dawa yake ni hii: ivute nyundo kwanza kwa kidole gumba, kidole cha shahada kikiwa mbali na triga, ndipo uvute slaidi. Springi ya nyundo inakuwa imeshatolewa njiani, na slaidi inakwenda kwa ulaini ambao utakushangaza. Glock slaidi yake ni pana na ya mraba, unaikamata tu.

Nyundo, leso na triga

Wenzangu wengi hubeba bastola chemba ikiwa tupu, wakisema watakoki, yaani watavuta slaidi risasi iingie chembani, wakihitaji. Kukoki kunataka mikono miwili, na siku ya shida mkono mmoja huenda umemshika mtoto au unasukuma mlango. Lakini pia simlazimishi mtu abebe risasi chembani na huku moyo unamdunda. Afadhali hofu hiyo uitumie kuchagua bastola.

Ceska P-07 hutoka kiwandani ikiwa na kidude pembeni cha kuteremsha nyundo. Unakoki, unakibonyeza, nyundo inashuka kwa usalama bila kugusa risasi, na kuanzia hapo ule mvuto mrefu na mzito wenyewe ndio ulinzi wako. Ndani ya boksi kuna vipande vya kuigeuza iwe na sefti ya kawaida, kile kifungio cha kuizuia isifyatuke, badala ya kidude hicho. Ushauri wangu ni uiache ilivyo. Yenye sefti, ukitaka kuiteremsha nyundo risasi ikiwa ndani, inabidi uvute triga huku umeishikilia nyundo kwa gumba, na gumba lenye jasho la Mombasa si kitu cha kuaminiwa kazi hiyo.

Glock haina kidude wala sefti ya nje. Ina ulinzi wa ndani wa kuizuia isifyatuke ikianguka, na kile kiulimi katikati ya triga, basi. Kitu kikiivuta triga sawasawa, itafyatuka, kiwe kidole au uzi wa koti. Kwa hiyo Glock na holsta yake, yaani ala ya kuibebea kiunoni, ni kitu kimoja. Glock bila holsta nzuri ni bastola nusu, na nusu yenyewe ni ile ya hatari.

Nieleze kwa karibu, maana hapa ndipo watu huumia. Hatari kubwa haiko kwenye kuchomoa, iko kwenye kurudisha. Umemaliza zoezi, unarudisha bastola kiunoni, na pembe ya leso au upindo wa shati umeingia mdomoni mwa holsta. Unasukuma, kitambaa kinakunjika ndani ya kizingo cha triga, unaona ugumu kidogo, unasukuma zaidi. Kwa Glock ugumu ule ndio triga inayovutwa. Kwa Ceska ukiwa umeweka gumba nyuma ya nyundo utaihisi inanyanyuka, utasimama. Kwa zote mbili kanuni ni hiyo hiyo: nguo ishikwe pembeni kwa mkono wa pili, macho yatazame mdomo wa holsta, na mwendo uwe wa polepole. Hakuna anayekupa zawadi kwa kurudisha bastola haraka. Mimi nikiwa nimevaa leso kiunoni huitoa holsta nzima, naitia bastola ndani ikiwa mkononi mwangu, ndipo naivaa pamoja. Holsta za plastiki ngumu ya Kydex zenye klipu zinaruhusu hivyo.

Kwenye holsta Glock 19 inaishinda Ceska mbali sana. Imekuwepo tangu 1988 na kila fundi ana kalibu yake. Ya P-07 utaagiza na kungoja, au utauziwa "inayofanana". Inayofanana usinunue.

Mjini, na nyumbani

Mtu wa Mombasa mwenye silaha huivua mara nyingi kuliko anavyodhani. Benki, mahakama, uwanja wa ndege, ofisi ambazo askari mlangoni anakuomba uikabidhi. Kisha jioni unaingia nyumbani, na nyumba zetu unazijua: wapwa, wajukuu, mgeni wa kutoka Lamu aliyekuja kwa siku mbili na huu mwezi wa pili. Kila ukiishika kuna nafasi ya kukosea, hivyo ihesabu siku yako. Kama unaivua na kuivaa mara moja tu, lolote utakalochagua sawa. Kama ni mara nne au tano, ule mvuto mzito wa Ceska unaanza kuwa na thamani ambayo renji haikuonyeshi.

Usafishaji pia. Ili kuifungua Glock, lazima uvute triga kwanza, ndipo slaidi itoke. Ndivyo ilivyoundwa. Aliyechoka, akasahau risasi moja chembani, anajipiga mkono au anapiga ukuta wa jirani. P-07 haitaki triga: unarudisha slaidi nyuma kidogo mpaka alama mbili zikutane, moja kwenye slaidi na moja kwenye mwili, unasukuma pini ya pembeni ikatoka, basi imeachana. Kama Glock ndiyo yako, jiwekee utaratibu usiovunjika: risasi ziko chumba kingine, chemba imetazamwa na kuguswa, mtutu umeelekezwa kwenye ndoo ya mchanga, ndipo triga ivutwe. Ndoo ya mchanga haina gharama, iweke chini ya meza ibaki pale pale.

Sefu nunua kabla ya bastola na uifunge ukutani kwa bolti. Zile za alama ya kidole sizipendi hapa pwani, kidole chenye jasho au unga wa mahindi kinakataliwa. Za kubonyeza nambari zinanitosha.

Chumvi

Huku pwani kuna adui ambaye waandishi wa bara hawamtaji. Hewa ya bahari ina chumvi, mwili una jasho, na bastola imebanwa katikati ya vyote viwili mchana kutwa. Slaidi za bastola zote mbili zimetiwa dawa kiwandani, na hustahimili sana. Vinavyoanza kupata kutu ni vile vidogo: kitasa cha kushikilia slaidi, pini, springi za magazini, skrubu na vyuma vya kulengea. Tazama hapo kwanza, hasa upande unaogusa tumbo.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Usiku, baada ya kutoa risasi, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki. Mafuta ya nazi yaache kwa nywele na wali, kwenye chuma yanaganda na kukusanya vumbi. Mara moja kwa wiki ifungue, upige brashi kavu. Mimi kwenye vumbi la mahindi na maharagwe hukuta pamba pamba zimejaa chini ya nyundo ya kakangu, mahali ambapo Glock imezibwa. Ni jambo dogo, lakini kwenye ghala la nafaka linarudi kila wiki. Holsta ya ngozi ni laini mwilini, ila inakunywa jasho na kulirudisha kwenye chuma usiku, kwa hiyo bastola isilale ndani yake.

Alama za kulengea za Glock za kawaida ni za plastiki, na miaka ya kuingia na kutoka kwenye holsta inazila pembe. Badilisha za chuma tangu mwanzo. Ukinunua zile za kung'aa gizani kwa tritiamu, kumbuka mwanga wake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Kama muuzaji anakuuzia bastola iliyotumika na kukwambia zinawaka, izime taa ya duka utazame.

Halafu kuna hili la risasi, na nalitilia mkazo. Anayetoa risasi ya chembani kila usiku na kuirudisha ile ile kila asubuhi, taratibu anaisukuma ncha yake ndani ya ganda. Risasi iliyofupika hupandisha shinikizo ndani ya mtutu kupita kiasi. Ziweke mbili sambamba juu ya meza, ile inayoingia chembani kila siku na nyingine mpya. Ukiona tofauti ya urefu hata kidogo, itenge, usiifyatue. Mimi huzungusha, ya juu inakwenda chini ya magazini, na nikifika renji ndizo za kwanza kutumika ikiwa bado urefu wake ni sawa.

Mazoezi

Risasi ni ghali, na cheti kimekuwekea kikomo. Kwa hiyo mazoezi yako mengi yatakuwa ya chumbani bila risasi, na hapa nampa kakangu ushindi bila ubishi. Ceska ukivuta triga, nyundo inapanda na kushuka, unavuta tena, na tena. Glock ukivuta mara moja imekwisha, lazima uvute slaidi ndipo triga irudi. Dakika kumi za Ceska zina mvuto mara nyingi zaidi ya dakika kumi za Glock, na ni ule mvuto mgumu wa kwanza unaohitaji kazi. Tumia risasi bandia za plastiki kwa zote mbili, zinailinda sindano. Risasi za kweli zisiwemo chumbani kabisa.

Lakini kuna upande wake. Ceska isiyofanyiwa mazoezi inaharibika mkononi haraka kuliko Glock. Ukikaa miezi mitatu bila kuvuta, mvuto wa kwanza unakuwa mgeni tena. Glock, kwa kuwa triga ni moja, inamsamehe mvivu. Ukienda mashindano kule Kirigiti, Kiambu, utaona kila aina ikishinda, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba moja ina shabaha na nyingine haina.

Basi nani achukue ipi?

Ukiniambia mkono wako ni mdogo, unavaa nguo nyepesi, joto linakusumbua, na huna hakika utajituma kila wiki, Glock 19. Tenga na fedha ya holsta na mshipi mzuri, usiihesabu kama gharama ya ziada. Ukiniambia nyumba imejaa watu, unavua silaha mara kadhaa kwa siku, risasi chembani inakutia wasiwasi, na kiganja kinaufikia ule mvuto wa kwanza bila kujipinda, Ceska P-07, na ukubali kuvuta triga tupu kila jioni kama unavyopiga mswaki. Anayetaka wepesi wa Glock na utulivu wa Ceska kwa pamoja nimwambie tu kwamba hatujampata fundi wa kumtengenezea.

Na anayechagua Glock kwa sababu askari fulani anaibeba, au Ceska kwa sababu nyundo inaonekana kiume, arudi nyumbani akafunge maharagwe kiunoni.

Siku ya kununua, linganisha nambari iliyopigwa kwenye bastola na ile ya karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye Glock iko kwenye mwili, slaidi na mtutu, na zote tatu ziwe sawa. Uliza springi na magazini za akiba zinapatikana hapo hapo au zitaagizwa, kwa sababu springi kuu itataka kubadilishwa baada ya risasi elfu kadhaa. Usiibebe mjini kabla hujaipitisha renji na zile risasi utakazobeba, kwa magazini zote. Zitie nambari magazini chini yake kwa rangi ya kucha, moja, mbili, tatu. Bastola ikikwama utajua mara moja kama ni magazini ile ile inayorudia, nawe utaitoa hiyo kabla hujaanza kuilaumu bastola.